Zamu ya Kuugua

Mwaka ule serikali ilipotangaza kwamba mgonjwa naye sasa lazima achangie, na kadi ya kituo cha afya ikaanza kununuliwa, wanawake wa mwethya wa akina Nzilani huko Mbooni walikasirika kwelikweli. Mwethya, kwa asiyejua, ni kikundi cha kulimiana kwa zamu: wiki hii shamba la huyu, wiki ijayo la yule, hadi duru iishe. Walikuwa kumi na wawili, na hakuna jambo walilojua kulifanya wakiwa pungufu ya kumi na wawili. Hata kumsalimia mzazi walienda wote, na mtoto wa watu akaamka akilia.

"Kadi shilingi kumi," alisema Mbula, mwenyekiti, siku moja walipokuwa wakipumzika kando ya shamba. "Kila mtu kumi. Sasa niwaulize, mama zangu. Tunalima kwa zamu. Tunanunuliana sufuria kwa zamu. Ni nani alitudanganya kuugua ni kila mtu kivyake?"

Wakamtazama. Mbula alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na akishasema jambo lilikuwa limekwisha kuwa sheria.

"Mmoja wetu anunue kadi moja," akaendelea. "Aende na magonjwa ya wote. Daktari ampe dawa za wote, azilete hapa, tugawane. Kidole kimoja hakivunji chawa!"

Walipiga makofi, wengine wakapiga vigelegele. Na wewe unayecheka, acha. Ungekuwepo ungepiga pia.

Basi aende nani? Hapo hapakuwa na mjadala. Aende Nzilani. Nzilani alikuwa na miaka hamsini na miwili, mumewe Mutie alikuwa kibarua Mombasa, akija Krismasi na kilo mbili za sukari na maoni mengi. Mwanamke huyu angeshuka sokoni na kuupanda tena mlima na gunia la maharagwe mgongoni, kamba kipajini, huku anazungumza. Kuzungumza, nasema, si kuhema! Hakuna aliyewahi kumsikia akisema "oh, hapa pananiuma." Tena alikuwa mwimbishaji wa kikundi, na mwimbishaji hasahau maneno.

Nzilani mwenyewe alisita. Siku waliyotaka aende ilikuwa Jumanne, na Jumatano ilikuwa zamu yake. Wiki kumi na moja alikuwa amechimba mitaro ya fanya-juu kwenye mashamba ya wenzake, ile mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu ili maji ya mvua yasishuke na shamba. Yake ilikuwa ya mwisho. Shamba lake lilisimama wima hata kuku walilipita kwa tahadhari, na mvua ya mwaka jana ilikuwa imebeba mahindi yake yote hadi kwa jirani wa chini, ambaye aliyavuna bila aibu. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika tena. Na sheria ya mwethya aliijua, maana ilikuwa ya Mbula: mwenye shamba asipokuwepo alfajiri, na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya kuwalisha wachimbaji, isipokuwa motoni, zamu yake imepita hadi duru nyingine. Duru nyingine ingekuja mvua ikiwa imeshafanya kazi yake.

"Nitaenda na kurudi," akasema. "Saa nane niko hapa."

"Saa nane wewe? Wewe saa sita uko hapa," akasema Mbula, na kila mtu akacheka.

Jumatatu jioni wakamletea magonjwa yao mmoja mmoja, kama watu wanaotuma chumvi dukani. Mbula akamtuma mgongo. Muthoki, jirani yake wa karibu, akamtuma jino la nyuma. Ndinda, aliyeolewa na mwana wa Mbula mwaka huo huo na bado akiona haya hata kupiga chafya mbele ya mavyaa, alimvuta nyuma ya ghala na kumnong'oneza ugonjwa wake sikioni. Nzilani akayapanga yote kumi na moja kuwa wimbo. Alfajiri alipokuwa akishuka mlima aliuimba njia nzima, tena kwa Kiswahili, maana daktari mpya walisikia ni mtu wa Nyeri na Kikamba hakijui. Jina la kituo chenyewe silitaji. Baadhi ya wahusika wangali hai na mdomo wanao.

Daktari aliitwa Mathenge. Alikuwa kijana mwembamba, ana miezi miwili tu kazini, na bado aliamini kwamba mtu akimuuliza mgonjwa swali hupata jibu.

"Keti, mama. Unaumwa wapi?"

Nzilani akakohoa, akaweka mkono kiunoni, akaanza:

"Mgongo inauma, ee! Goti ya kushoto!
Jino ya nyuma, ee! Sikio inalia!
Naendesha, ee! Na choo imefunga—"

"Ngoja, ngoja!" Mathenge akainua kalamu. "Mama, huhitaji kuimba. Nieleze tu."

"Nikieleza nasahau, daktari. Umenikata. Sasa narudi juu." Akarudi juu kweli, kuanzia mgongo.

Mathenge akaandika. Alipofika mahali fulani akasimamisha kalamu. "Mama, unaendesha au umefunga choo?"

"Yote mawili."

"Kwa wakati mmoja?"

Nzilani akafikiri. Hakutaka kusema uongo, alikuwa mtu wa kanisa. "Kwa zamu," akasema.

"Na hapa unasema hupati usingizi, halafu unasema unalala mno."

"Hiyo pia kwa zamu."

Mathenge akafuta jasho. Akauliza lililobaki, na Nzilani akaimba lililobaki: macho kuona ukungu, kikohozi, halafu kwa sauti ya chini kidogo, kama Ndinda alivyomwomba, kutapika kila asubuhi na mwezi wa tatu sasa bila kuona siku zake.

"Una miaka mingapi, mama?"

"Hamsini na mbili."

"Mtoto wako wa mwisho?"

"Ako jeshi."

Kijana wa watu akaweka kalamu chini na kutazama dirishani kwa muda, kama anayeomba uhamisho. "Na kichwa?" akauliza mwishowe. "Kichwa hakikuumi?"

"Kichwa haiko kwa wimbo," akasema Nzilani upesi, na akakaza kitambaa chake cha kichwani.

Ndipo Mathenge alipotoa kile chombo cha kupimia presha, akamfunga mkononi, akakipuliza. Akatazama. Akakipuliza tena. Akahamia mkono wa pili. Uso wake ule wa kuchoka ukabadilika, akaongea polepole.

"Mama, ni mia mbili na kumi juu ya mia moja na thelathini. Hutoki hapa leo."

"Hiyo ni mingi?"

"Ni mingi sana. Mtu mwenye presha hii mshipa wa kichwa unaweza kupasuka akiwa anatembea tu. Meza hii, weka hii nyingine chini ya ulimi, uende ulale."

Nzilani aliogopa, lakini hakuogopa unavyofikiri wewe. Alihesabu haraka kichwani. Wanawake kumi na mmoja, magonjwa kumi na moja, yote ameyabeba yeye mkono mmoja. Ni lazima chombo kipande! Chombo kimepima kikundi kizima!

"Woi, daktari, utanisamehe," akasema. "Hii yote si yangu. Mgongo ni ya Mbula. Jino ni ya Muthoki. Kuendesha ni ya mama mwenye posho mill, na kufunga choo ni ya dada yake, hawapatani hata kwa hiyo. Toa ya watu ubakishe yangu, utaona nitashuka. Kesho ni zamu yangu."

Mathenge akamtazama kwa huruma nyingi, akaandika mstari mwingine kwenye kadi: *Anachanganyikiwa. Anadai viungo vyake ni vya watu wengine.*

Kituo kile hakikuwa na vitanda ila vya wodi ya wazazi. Huko ndiko alikolazwa, kati ya wasichana wawili wenye matumbo kama vibuyu. Jioni jamaa zao walipokuja na uji, walimtazama Nzilani, wakatazamana, kisha mama mmoja akamsogelea na kumshika mkono. "Mungu ni mwema," akamwambia. "Hata Sara alicheka." Nzilani alitaka kufa kwa aibu. Lakini kikombe cha uji alipewa, akanywa, maana mgonjwa haulizwi uji.

Hakulala vizuri. Kila alipofumba macho aliona mahindi yake yakishuka mlima. Kulipoanza kupambazuka akakunja shuka, akashika kiondo chake, akaenda hadi lango kwa mwendo wa mtu mwenye ruhusa.

Langoni alikuwa askari aitwaye Kivuva, mzee aliyevaa koti la mvua mwaka mzima. "Mama, unatoka wodi gani?"

"Ya wazazi."

"Basi kutoka ni mtoto ama barua. Mtoto iko wapi?"

"Sina mtoto."

"Barua?"

"Sina barua."

"Sasa hata wewe, mama," akasema Kivuva kwa upole, "jiangalie. Ukiwa mimi, ungejifungulia?"

Nzilani alimbembeleza. Akamweleza habari za mwethya, na mitaro, na jirani wa chini. Kivuva alikuwa Mkamba, alielewa kila neno, na alisikitika kabisa. Lakini lango hakufungua. Alimrudisha wodini na kumpa ndizi. Jua lilipochomoza Nzilani alijua kwamba wenzake wamefika shambani, wamekuta moto umezimika, na zamu yake imekufa. Akaketi kitandani akalia. Wale wasichana wakamwambia asijali, uchungu wa mwanzo huwa hivyo.

Mnamo saa tatu zikasikika kelele. Mathenge akatoka nje, na alichokiona kilimfanya arudi ndani hatua mbili. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamesimama langoni na majembe na sururu mabegani, wamefunga viuno, wana hasira. Mwaka ule kulikuwa na siasa nyingi, na kijana akadhani zimemfikia.

"Tunataka dawa zetu!" akapaza Mbula.

Hawakuja kwa mapenzi, nisikudanganye. Walikuwa wamefika shambani kwa Nzilani alfajiri, hakuna mtu, hakuna muthokoi, na zaidi ya yote hakuna dawa. Muthoki hakuwa amefumba jicho kwa sababu ya jino. Mtu mmoja akasema huenda Nzilani amezimeza zote peke yake. Hapo ndipo waliposhuka.

"Dawa zenu gani?" akauliza Mathenge.

"Za kwenye kadi! Mgongo ni yangu mimi. Nilimtuma juzi jioni."

Mathenge akarudi ndani, akachukua kadi, akaisoma upya, na kidogo kidogo mambo yakamjia. Akaagiza Nzilani aletwe, akawapanga wale wanawake kwenye benchi la nje, akaketi mbele yao na kalamu nyekundu.

"Goti la kushoto?"

"Hapa!"

"Jino?"

"Aiii, hapa, daktari, hapa!" akasema Muthoki, shavu limevimba.

"Kuendesha? Kufunga choo?" Mikono miwili ikainuka, wenyewe wakipeana migongo. Kila alipopata mwenyewe, Mathenge alipiga mstari. Sikio, macho, kikohozi, asiyelala, anayelala. Alikuwa sasa anakaribia kucheka. "Na huyu wa kutapika asubuhi, mwezi wa tatu?"

Mwisho kabisa wa benchi mkono mdogo ukainuka hadi usawa wa sikio. Mbula akageuka taratibu akamtazama mkaza mwanawe.

"Ndinda! Na jana umenibebea maji mitungi miwili?"

"Ulisema wote tuko wazima isipokuwa mgongo wako," akasema Ndinda kwa woga. Mbula akainua jembe, kila mtu akashtuka, kumbe ni la kucheza! Alicheza nalo mbele ya benchi zima, mgongo na yote, na wenzake wakampigia makofi. Hata Kivuva aliacha lango.

Walipotulia, Mathenge akatazama kadi. Hakucheka tena.

"Kumebaki moja," akasema. "Presha. Mia mbili na kumi. Hii ni ya nani?"

Wakatazamana. "Si yangu," akasema mmoja. "Mimi sikutuma hiyo," akasema mwingine. Mbula akaamuru wapimwe wote, isije mtu akaficha mali ya kikundi. Mathenge akawapima mmoja baada ya mwingine benchini pale pale, kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa salama, hata Mbula aliyetoka kucheza. Kisha akamfunga Nzilani kile kitambaa cha chombo. Safari hii hakubeba ugonjwa wa mtu. Wote walikuwa wameshachukua yao.

Mathenge alitazama muda mrefu. "Dawa ya jana imeshusha kidogo tu," akasema. "Iko juu bado."

Nzilani aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa kuazima. "Basi ni yangu," akasema. Hapo ndipo alipoogopa sawasawa, na Muthoki akamshika.

Daktari alitaka kumbakiza. Nzilani akamwambia waziwazi kwamba akibaki, na mvua ikanyesha, presha itapasua paa la wodi. Wakabishana. Mwishowe kijana akakubali kwa masharti, akayasema mara tatu: kidonge kila siku bila kuruka, chumvi kidogo, Ijumaa arudi apimwe, mlima aupande kwa kupumzika pumzika, na jembe asiliguse. Akampa vidonge kwenye karatasi. Mbula, kwa mazoea, akanyoosha kiganja apewe fungu lake.

"Mama, hizi ni za mtu mmoja!" akafoka Mathenge, na Mbula akarudisha mkono kama aliyechomwa na sufuria. Halafu kila mtu akanunua kadi yake, wakinung'unika hadi mwisho wa foleni.

Safari ya kupanda ilichukua saa tatu. Nzilani hakuwa amewahi kutembea hivyo maishani. Kila kona walimketisha, wakampepea, wakamnywesha maji, hadi akawaambia mnanizika mapema. Walipofika kwake jua lilikuwa limepita utosi. Zamu, kwa sheria, ilikuwa imekufa tangu alfajiri. Wote wakamtazama Mbula.

Mbula akatazama mawingu. "Saa yangu imeharibika," akasema, ingawa hakuwa na saa. "Mimi naona bado ni alfajiri." Akatema mate viganjani, akashika jembe.

Wakachimba. Lakini walichimba vibaya, mwanangu wee! Mwimbishaji alikuwa ameketishwa juu ya karai lililopinduliwa na kukatazwa hata kuimba kwa nguvu, kwa hiyo kila jembe lilishuka wakati wake. Muthoki alichimba na pamba mdomoni. Ndinda aliruhusiwa kuleta kamba ya kupimia tu, akaivuta ikapinda. Udongo uliotupwa juu ulirudi chini na kumwangukia Mbula kichwani. Nzilani alishindwa kuvumilia. Mara tano aliinuka kuonyesha mtaro unavyochimbwa, na mara tano sauti kumi na moja zikampigia kelele, "Kaa!" Akakaa. Mtaro ulipinda, lakini ulifika mwisho wa shamba, na wa pili nao ukaanza.

Mbula akaja kunywa maji. Alikuwa amejaa vumbi, mgongo umemkatika kweli sasa, dawa hajaanza. Akasimama mbele ya Nzilani na kukitazama kile kitambaa alichokikaza kipajini.

"Nzilani, niambie ukweli. Kichwa kinakuuma?"

Nzilani akachezea karatasi ya vidonge. "Kinauma."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita! Umelima kwangu kichwa kinauma? Umelima kwa sisi wote? Na juzi jioni tunakuletea magonjwa yetu hapa mlangoni, mbona hukusema?"

Nzilani akashangaa kuulizwa. Jibu lilikuwa wazi, na alilisema bila uchungu wowote.

"Zamu yangu ilikuwa bado."

Mbula akaketi chini kwenye udongo mbichi, akauegemeza mgongo wake mbovu kwenye magoti ya Nzilani, na wenzake walipouliza kama mwenyekiti amechoka, akawaambia wachimbe tu.